Majibu Ni Mazuri, Lakini Hofu Haijaondoka

(Mada iliyotolewa na ofisi ya miradi ya dayosisi kwa wajumbe wa kamati za afya na diakonia za sharika, pamoja na wageni wetu wafadhili)





Katika kikao kilichopita mzee mmoja wa kanisa alisimama akatuuliza swali ambalo siku ile hatukuweza kulijibu vizuri. Alisema hivi: "Zahanati yetu haina dawa za kutosha, akina mama wanajifungulia njiani, nanyi mnatuomba fedha za kuwakusanya watu wazima wanywe chai wakizungumzia magonjwa ambayo hawana. Haki iko wapi hapo?" Swali hilo ni la msingi. Tumekuja leo kulijibu, na mwisho wa mada hii mtaamua ninyi kama mradi wa vikundi uendelee katika bajeti ya mwaka ujao au usimame.

Tuanze na mama mmoja. Hatutamtaja jina, tutamwita Mama wa Kwaya. Yeye mwenyewe ameturuhusu tueleze habari zake.

Mama huyu alimuuguza mdogo wake aliyefariki kwa saratani ya shingo ya kizazi. Baada ya msiba, kila tumbo lilipomuuma alisema, "Na mimi ndiyo hiyo imeanza." Alikwenda zahanati, akaenda kituo cha afya, akaenda hospitali mbili. Alipigwa picha za tumbo mara 6 katika mwaka mmoja. Kila mara aliambiwa, "Mama, huna tatizo." Kila mara alirudi nyumbani akiimba. Siku ya tatu au ya nne wazo lilirudi: labda daktari alikuwa na haraka, labda mashine ni mbovu, labda wamenificha. Waliuza mbuzi, wakauza ng'ombe, kisha akakopa VICOBA. Kijana wao alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mumewe alichoka kuamshwa usiku ili amshike tumbo na kumwambia kama kuna uvimbe.

Na sisi je? Sisi kanisa tulimtembelea kila wiki. Tulimwambia asiwe na wasiwasi, tukamwombea, tukaondoka. Alifurahi kila tulipofika, na kila wiki aliomba tuje tena. Hatukujua kwamba na sisi tulikuwa tumeingia katika mzunguko ule ule wa picha za tumbo.

HOFU HII NI NINI

Kila mtu huogopa ugonjwa, na hofu ya kiasi ni zawadi. Ndiyo inayotufanya tulale ndani ya chandarua na kumwahisha mtoto zahanati anapopata homa. Tunayoizungumzia hapa ni hofu iliyopita kiasi. Mtu anaamini ana ugonjwa mkubwa, au yuko karibu kuupata. Amepimwa na majibu ni mazuri, lakini hatulii. Hali hii inaendelea miezi 6 na zaidi, na inaharibu kazi yake, usingizi wake na nyumba yake.

Wataalamu waliiita haipokondria kwa miaka mingi. Jina hilo liligeuka kuwa kama tusi, na mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliacha kulitumia katika mwongozo wake. Huku kwetu nasi tuna matusi yetu. Tunasema "anajidekeza", "anajitafutia ugonjwa", "ana mambo mengi huyo". Ndugu wajumbe, mtu huyu hadanganyi. Moyo wake unakwenda mbio kweli. Kichwa kinamuuma kweli. Hofu yenyewe hukaza misuli, hubana kifua, huvuruga tumbo na kutia ganzi vidole. Anachokosea ni maana anayoipa dalili ile.

Tumejifunza pia kwamba watu hawa wako wa aina mbili. Wapo wanaozunguka hospitali, kama Mama wa Kwaya. Wapo pia wanaozikimbia hospitali. Hawa hawapiti hata njia ya zahanati, hawaendi kumwona mgonjwa, hawaendi msibani, na jina la ugonjwa likitajwa redioni wanazima. Aina hii ya pili ni rahisi kuisahau kwa sababu haigongi mlango wa mtu.

Na mazingira yetu yanaichochea hofu hii. Mtu akienda kupima homa anaweza kurudi na karatasi yenye taifodi na U.T.I., ilhali kipimo cha Widal kinaweza kuonyesha taifodi kwa mtu asiye nayo. Mnadani yupo mtu mwenye mashine ya "kupima mwili mzima" kwa kukamata kijiti mkononi, inayotoa kurasa za magonjwa. Kwenye simu kila dalili inaishia kwenye saratani. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2011, maelfu walipopanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Hatuko hapa kuwahukumu waliokwenda. Wengi walikuwa wagonjwa kweli. Lakini tunawafahamu majirani waliokwenda bila kuambiwa na daktari yeyote kwamba wanaumwa. Hofu peke yake iliwatosha kuuza gunia la mahindi wapate nauli.

Tena tusiseme kwamba hofu haiui. Mwaka 2023 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya kufuatilia watu 4,129 waliokuwa wameandikiwa na madaktari kuwa na hali hii. Watu hao walikufa, kwa wastani, miaka 5 mapema kuliko watu wengine wa umri wao, na hatari ya kujiua kwao ilikuwa kama mara 4. Kwa hiyo mzee wetu aliposema "watu wasioumwa", tunamwomba kwa heshima tuanzie hapo. Wanaumwa. Hawaumwi kile wanachodhani.

KWA NINI NENO LA FARAJA HALITOSHI

Sasa tufike kwenye kiini cha mada. Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Uingereza, Hilary Warwick na Paul Salkovskis, waliandika jambo la kutufikirisha. Walionyesha kwamba kumhakikishia mtu mwenye hofu hii, tena na tena, kunaweza kuilisha hofu badala ya kuiondoa.

Inakuwaje? Mtu anahisi kitu tumboni. Anawaza, "Ni saratani." Hofu inampanda. Ili kuishusha anajibonyeza, anamuuliza mume, anakwenda kupima. Akijibiwa "huna kitu", hofu inashuka mara moja. Moyo wake unajifunza kwamba dawa ya hofu ni kuuliza. Kesho hofu ikirudi, na lazima irudi kwa sababu mwili haukosi kuwa na kitu kinachouma, atauliza tena, na safari hii jibu litadumu muda mfupi zaidi. Ni kama kujikuna kipele. Unapata nafuu, halafu kinawasha zaidi, na mwishowe kinakuwa kidonda.

Kujibonyeza nako kuna madhara yake. Mtu anayebonyeza tumbo mara 30 kwa siku, lazima tumbo litauma. Akisikia linauma, anapata "ushahidi" mpya.

Ndiyo maana vipimo 6 havikumsaidia Mama wa Kwaya, na cha 7 kisingemsaidia. Na ndiyo maana ziara zetu za kila wiki, zilizofanywa kwa upendo, hazikumponya. Hatusemi watu waache kuombewa. Tunasema kwamba mtu akiomba maombi kwa namna ile ile anavyoomba kipimo, ili aambiwe tena kwamba hana ugonjwa, inatupasa tuone tunachokifanya.

KWA NINI KIKUNDI

Tiba iliyothibitika kusaidia ni mazungumzo yenye utaratibu, yanayomfundisha mtu kubadili namna anavyofikiri na anavyotenda anapopatwa na hofu. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya kazi iliyoongozwa na Profesa Peter Tyrer katika hospitali za Uingereza, kwa wagonjwa 444. Huko walizungumza na mgonjwa mmoja mmoja, na waliopata mazungumzo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. La kututia moyo ni kwamba wauguzi waliofundishwa kazi hiyo waliifanya vizuri sana.

Sisi lakini hatuna wauguzi wa kutosha kukaa na mtu mmoja mmoja. Tukatafuta kama kikundi kinaweza. Mwaka 2016 watafiti wa Aarhus, nchini Denmark, walitoa matokeo ya watu 126 wenye hofu kali ya maradhi. Baadhi yao waliingizwa katika tiba ya kikundi ya mikutano 10, wengine wakawekwa kwenye orodha ya kusubiri. Baada ya miezi 10, waliokuwa kwenye vikundi walikuwa na hofu ndogo kuliko waliosubiri.

Mtasema Denmark siyo hapa. Ni kweli. Lakini jirani zetu Waganda wametuonyesha kwamba vikundi vinawezekana kijijini. Mwaka 2003 yalitangazwa matokeo ya vijiji 30 vya Masaka na Rakai, ambako watu wenye sonona walikutana kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa, wasio madaktari. Sonona ilipungua sana kuliko kwa wale ambao hawakuwa na vikundi. Sonona siyo hofu ya maradhi, na hatutaki kuchanganya mambo hayo mawili. Tulichojifunza Uganda ni kwamba mwezeshaji wa kijijini, akifundishwa na kusimamiwa, anaweza kuongoza kikundi hadi mwisho.

Kikundi kina faida nyingine ambayo tumeiona kwa macho. Kila mwenye hofu hii anadhani yuko peke yake. Siku ya kwanza baba mmoja alieleza jinsi anavyoamka usiku kuhesabu mapigo ya moyo. Mama wa Kwaya akacheka hadi machozi yakamtoka, kisha akasema, "Baba, huo ni moyo mzima kabisa, unaogopa tu." Kukawa kimya. Halafu akajisikia alichokisema. Kwa mwenzake aliona hofu mara moja. Kwake mwenyewe alikuwa ameona saratani kwa miaka miwili.

TUNACHOFANYA KATIKA MIKUTANO 10

Kabla ya yote, kila mtu anapimwa na daktari au tabibu, mara moja na kwa ukamilifu. Hakuna anayeingia kikundini bila hatua hiyo. Kikundi kina watu 8 hadi 12. Kinaongozwa na muuguzi wa zahanati pamoja na mhudumu mmoja wa usharika, wote wawili wakiwa wamefundishwa na muuguzi wa afya ya akili, ambaye pia hukutana nao kila mwezi kuwasimamia. Tunakutana kila Jumatano saa tisa alasiri kwa saa moja na nusu, katika chumba cha shule ya Jumapili.

Masharti ni manne. Yanayosemwa ndani yabaki ndani. Hakuna kushindana kwa dalili. Hakuna kupendekezeana dawa, ziwe za duka au za miti shamba. Na hakuna kumuuliza mwenzako, "Unadhani nina nini?" Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Bila hilo, kikundi kinageuka kuwa mahali pengine pa kutafutia faraja ya siku tatu.

Mikutano miwili ya kwanza ni ya kuuelewa mzunguko. Mwezeshaji anauchora ubaoni: dalili, wazo, hofu, kujichunguza, dalili zaidi. Kisha tunafanya jaribio. Wote wanaambiwa wameze mate mara 10 mfululizo, haraka, huku wakifikiria koo tu. Ikifika mara ya tano au ya sita, koo zinakataa. Mmoja anasema kuna kitu kimekwama, mwingine anasema limekauka, mwingine linauma. Mwezeshaji anauliza, "Je, tumepata ugonjwa wa koo sote kwa dakika moja?" Hapo ndipo watu wanapoona kwa miili yao kwamba kiungo kikichunguzwa sana kinalalamika.

Kuanzia mkutano wa tatu kila mtu ana daftari. Anaandika kila alipojichunguza, kila alipouliza, kila alipoperuzi simu. Hatumkatazi. Tunamwomba aandike tu. Baba wa mapigo ya moyo alihesabu mara 43 kwa siku moja, akashangaa mwenyewe.

Mkutano wa nne hadi wa saba ni ya kupunguza na kusubiri. Hofu ikija, mtu anasubiri dakika 10 kabla ya kujibonyeza. Wiki inayofuata anasubiri saa moja, kisha hadi kesho. Hofu isipopewa jibu inapanda, inafika kileleni, halafu inashuka yenyewe. Hilo haliaminiki kwa kuambiwa, ni mpaka mtu alipitie. Wale wanaokimbia hospitali nao wanapewa kazi yao hatua kwa hatua. Kwanza kupita mbele ya zahanati, kisha kumsalimu mgonjwa wodini, kisha kwenda msibani na kukaa hadi mwisho.

Katika mkutano wa nane tunawaalika watu wa nyumbani. Mume wa Mama wa Kwaya alituuliza, "Sasa akiniuliza usiku nimjibuje, nimnyamazie?" Hapana, kunyamaza ni ukatili. Tuliwafundisha kujibu hivi: "Naona umeshikwa na hofu. Hilo swali tulikubaliana tusilijibu. Niko hapa, njoo tukae." Anapewa mtu wa kukaa naye, lakini hapewi jibu.

Mikutano miwili ya mwisho ni ya kupanga maisha baada ya kikundi. Kila mmoja anaandika mambo aliyoyaacha kwa sababu ya hofu, na lipi ataanza nalo. Anaandika pia ni lini anapaswa kwenda hospitali. Hatua hiyo ya pili haikuwepo tulipoanza, na ni lazima tuwaeleze ilivyoingia.

KOSA LETU

Katika kikundi cha pili alikuwepo baba mmoja, fundi seremala. Alikuwa amepimwa mwanzoni, hana tatizo. Kwenye mkutano wa nne alisema anakohoa. Wote tukatabasamu, yeye pia. Tukamwambia aandike kwenye daftari na asubiri. Wiki iliyofuata akasema bado anakohoa. Tukampongeza kwa kusubiri. Katika mkutano wa saba alikuja amevaa koti wakati wa joto, na mkanda wa suruali ameukaza kwa tundu jipya. Muuguzi wetu alimtazama, akasimamisha mkutano, akampeleka maabara siku hiyo hiyo. Alikuwa na kifua kikuu.

Ndugu wajumbe, hatuna la kujitetea. Kukohoa wiki mbili au zaidi ni kigezo ambacho hata watoto wa shule wanafundishwa, nasi tulikiacha kipite kwa sababu aliyekohoa alikuwa "mwenye wasiwasi". Tulisahau kwamba mwenye hofu ya ugonjwa naye huugua. Baba yule alitumia dawa miezi 6 na akapona. Alipomaliza alikuja ofisini kwetu akasema neno tulilolihifadhi: "Mlinifundisha kutokuogopa kikohozi. Mkasahau kunifundisha lini nikiogope."

Tunajua wapo wajumbe waliosikia habari hii wakasema mradi ufungwe. Tunaielewa hoja yao. Sisi tulichofanya ni kuandika utaratibu, na sasa umebandikwa ukutani katika kila kikundi. Kikohozi cha wiki mbili, homa isiyoisha, damu mahali isipotakiwa, kupungua uzito bila sababu, uvimbe mpya unaokua, kifua kubana ghafla: hapo hakuna kusubiri, mtu anakwenda hospitali siku hiyo. Kwa dalili nyingine anasubiri muda waliokubaliana na muuguzi, kisha anakwenda mara moja, kituo kimoja, kwa mtabibu mmoja anayemfahamu. Uchunguzi wa kawaida unafanywa kwa ratiba ya Wizara ya Afya, si kwa ratiba ya hofu. Na mtu yeyote akitamka kwamba heri afe, anapelekwa kwa mtaalamu siku hiyo hiyo, wala hasubiri Jumatano.

MATOKEO, GHARAMA NA TUNACHOOMBA

Tumeendesha vikundi 3. Cha kwanza kilianza na watu 11, wakamaliza 8. Wawili waliona aibu wakaacha, na mmoja alihama. Hatukufanya utafiti na hatutawapa asilimia. Tunaweza kuwaambia yaliyomo kwenye madaftari. Baba wa mapigo ya moyo sasa kuna siku hahesabu kabisa. Dada mmoja aliyekuwa akipima VVU kila mwezi, ingawa kila jibu lilikuwa hana maambukizi, amekaa miezi 9 bila kupima. Kijana mmoja amemaliza mikutano yote 10 na hofu yake iko pale pale, tumempa rufaa kwa daktari wa magonjwa ya akili.

Mama wa Kwaya alipimwa shingo ya kizazi mara moja kwa utaratibu, na anajua tarehe ya kurudi. Wiki moja kabla ya Pasaka tumbo lilimuuma usiku. Alimwamsha mumewe. Mumewe akasema walichokubaliana, akawasha taa, wakakaa. Alisubiri siku mbili kama alivyopanga, likaisha. Siku ya Pasaka aliimba. Anasema hofu bado humtembelea, ila sasa haimpi kiti. Kijana wao amerudi shuleni.

Gharama za kikundi kimoja ni nauli ya msimamizi, madaftari, chai na maandazi, na posho ndogo ya wawezeshaji. Chumba ni chetu. Ng'ombe aliyeuzwa na nyumba moja kwa ajili ya picha za tumbo anazidi gharama hizo. Na kila mtu anayeacha kuzunguka anapunguza foleni zahanati, akiwapisha wale akina mama ambao mzee wetu aliwalilia kwa haki.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kamati za sharika zitoe chumba na mhudumu mmoja wa kufundishwa, mtu anayejua kutunza siri, hata kama hana maneno mengi. Pili, wafadhili wetu, tunaomba fedha ya usimamizi wa kila mwezi isikatwe. Chai mkitaka punguzeni. Bila msimamizi, habari ya fundi seremala itajirudia. Tatu, wachungaji na wainjilisti, mkikutana na mtu anayeomba kuhakikishiwa kila wiki, msimfukuze wala msimcheke. Mleteni.

Kanisa letu halianzi leo kazi ya magonjwa ya akili. Hospitali ya Lutindi, katika milima ya Usambara, imekuwa ikiwapokea wagonjwa hao tangu enzi za Wajerumani. Na Martin Luther mwenyewe, mwaka 1530, alimwandikia Jerome Weller, kijana aliyekuwa akiwafundisha watoto wake na aliyekuwa akisumbuliwa na mawazo mazito. Moja ya mambo aliyomsihi ni kwamba asikae peke yake, atafute wenzake.

Mzee wetu aliuliza haki iko wapi katika kunywa chai. Tunamkaribisha Jumatano yoyote aje aone chumba kile, kabla ya kikundi kipya kuanza na milango kufungwa kwa ajili ya siri. Kisha tupigeni kura.